Maji ya Wageni: Wasifu wa Marehemu Mwalimu Cecilia Athanas Banzi (1974–2025)

Unasomwa na kaka yake, Leonard Banzi

Marehemu Mwalimu Cecilia alizaliwa tarehe 14 Mei 1974 hapa Matombo, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Athanas Banzi na Mama Faraja, ambaye tunaye hapa mbele.

Shule ya msingi alisoma hapahapa, akamaliza mwaka 1988, kisha akaenda sekondari ya wasichana Kilakala hadi 1992. Likizo ya kwanza alirudi na tabia mpya ya kutunusa mikono kabla hatujala, ajue kama tumenawa kwa sabuni. Hata baba hakusalimika, ila yeye alipewa shikamoo kwanza.

Alianza kufundisha Dumila mwaka 1995, na mwaka 2003 akahamishiwa nyumbani, akakabidhiwa afya na usalama wa wanafunzi. Vipeperushi vilivyoletwa kutoka mjini havikulala ofisini. Alivipandisha milimani kwa miguu: namna ya kutibu maji, la kufanya ukiumwa na nyoka, mto ukijaa usubiri. Mzazi asiyejua kusoma alisomewa taratibu mpaka aelewe. Na kila mwanafunzi alipewa vidonge vya kutibu maji apeleke kwao.

Tarehe 9 Oktoba 1999 alifunga ndoa na Bwana Wilfred Kobelo, mkulima wa mboga. Shemeji alikuwa akitutania kwamba ameoa mwalimu mmoja, akaletewa kamati nzima ya afya.

Sasa ndugu zangu, hapa nisameheni, maana siwezi kuyapaka mafuta. Kwetu mgeni hapiti bila kupewa maji. Kila alikobisha hodi, Mwalimu aliletewa bilauri, akaonja ladha ya dawa, akafurahi. Alirudi nyumbani akimwambia mumewe kuwa watu wameelewa. Kumbe!

Machi mwaka huu watoto walianza kuhara na kutapika. Tarehe 18, Semeni, mwanafunzi wa darasa la nne, alifariki mikononi mwa Mwalimu. Kwa mama yake vidonge vilikutwa kabatini, pamoja na vikombe vizuri.

"Mwalimu, hivyo tulikuwa tunawawekea wageni," mama yule alisema.

Mwalimu aliketi chini palepale. "Miaka yote hii mlikuwa mnanitibia mimi maji," akasema. "Watoto je?"

Asilaumiwe mama huyo peke yake. Karibu kila nyumba ilikuwa hivyohivyo, na yetu sisi Banzi imo. Hasira tunazo, ila hatujui pa kuzipeleka.

Akaanza upya, nyumba kwa nyumba, akitia dawa mitungini kwa mkono wake na kuwauguza waliokwisha kuangushwa na ugonjwa. Tarehe 24 ugonjwa ukamshika na yeye. Mvua ilikuwa imeporomosha mlima juu ya barabara ya kwenda mjini. Shemeji alichanganya maji, sukari na chumvi akifuata kipeperushi cha mkewe neno kwa neno. Mwalimu alikunywa, akatapika. Akanyweshwa tena, akatapika tena. Tarehe 27 vijana walimbeba kwa machela mpaka kwenye maporomoko. Gari la wagonjwa tuliliona, liko ng'ambo ya tope, na dereva anatupungia mkono. Tulisimama tu. Alikata roho hapo, saa tano asubuhi, akiwa na miaka hamsini.

Ameacha mume, watoto wawili, Deogratias na Janeth, ambao mimi mjomba wao nitawatazama, mama yetu mzazi, ndugu, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwataja wote.

Bwana afya amekataza tusipeane mikono wala tusile msibani, nasi tumetii. Maji ya hapa yametiwa dawa, kwa kuwa leo ninyi ni wageni wetu. Jioni mtarudi makwenu, watoto watachota mtungini, na hakuna kati yetu atakayekuwepo kuona wanakunywa nini. Zaidi ya kuwaomba, hatuna uwezo.

Ee Mungu, mpokee Cecilia aliyechoka, apumzike kwako kwa amani.