Meiske Kaunang na Jiwe la Kumi na Saba

Leo Jumamosi, tarehe 15 Februari 2025, tumekuja kumsindikiza Profesa Meiske Rompas, ambaye sisi wa nyumba ya Kaunang tulimwita Meis tu. Anayesoma ni kaka yake, Welly. Macho yake si mazuri siku hizi, kwa hiyo mtamvumilia.

Marehemu alizaliwa hapa Tomohon tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Hendrik Kaunang na mama Nontje, wakulima wa karafuu chini ya mlima wa moto wa Lokon. Mama alisimulia kwamba asubuhi ile mlima ulikuwa umejifunga ukungu hadi kiunoni, na kichanga hakulia, alitazama tu dirishani. Basi akawa hivyo hivyo, mtoto wa kuduwaa. Ukimtuma chumvi anarudi na jiwe. Tena aliyalamba mawe, mwanzoni bila sababu yoyote, baadaye kwa elimu, maana jiwe likilowa huonyesha chembe zake vizuri. Baba alimwonya kwamba atamaliza meno kabla ya kupata mchumba. Jua likizama alikuwa akilala chali kwenye banda la kukaushia karafuu, akiitafuta Mirihi, ile sayari nyekundu. Siku moja alimwambia kaka yake kwamba huko nako kuna milima ya moto, ila imelala. Kaka akamwuliza nani kamwambia. Akajibu kwamba ameiota.

Alisoma shule zote hapa Tomohon, akaenda chuo kikuu Bandung mwaka 1985 na kupata shahada ya kwanza ya jiolojia. Mwaka 1992 alijiunga na masomo ya uzamili ya jiolojia na sayansi ya sayari, darasa la watu watano, mwanamke yeye peke yake. Tasnifu yake iliuliza swali la kitoto kabisa: mlima wetu hurusha mawe umbali gani, na mlima kama huu ungekuwa Mirihi, ambako vitu ni vyepesi na hewa ni nyembamba, mawe hayo yangeangukia wapi? Kwa miaka miwili alizunguka mashamba ya watu akipima mawe na kuyapa namba. La kumi na saba ndilo lililokuwa mbali kuliko yote, na hesabu nzima iliegemea hapo. Lilikuwa kwenye mpaka wa shamba letu wenyewe. Kwa tasnifu hiyo, chuo kimoja cha Japani kilikuwa tayari kumpokea kwa uzamivu mara tu atakapofaulu.

Pasaka ya mwaka 1995 alikuja nyumbani, akafanya mazoezi ya kutetea tasnifu yake jikoni, sufuria zikiwa ndio maprofesa. Alipofika kwenye jiwe la kumi na saba, Baba akacheka hadi akaweka chini bakuli lake la uji wa tinutuan.

"Meis, mwanangu, lile halikurushwa na mlima," Baba alisema. "Babu yako alilitoa mtoni kwa mkokoteni wa ng'ombe, aweke mpaka. Wanaume sita wa mapalus, kikundi cha kusaidiana kazi za shamba, walisukuma kutwa, na jioni wakamaliza tembo lote la nyumba hii."

Alikuwa ameuliza kila shamba, mlango kwa mlango, jiwe limefikaje hapo. Kwao tu hakuuliza. Alidhani anapajua.

Alhamisi tarehe 11 Mei, mbele ya maprofesa wanne, marehemu alianza kwa kusema kwamba jiwe lake kuu lilikuja na ng'ombe. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Alirudishwa kupima upya, akapata shahada yake Novemba 1996, na nafasi ya Japani ikawa imekwenda kwa mtu mwingine. Uzamivu aliufanya palepale Bandung, akaumaliza mwaka 2004, akafundisha masomo yaleyale aliyosoma. Wanafunzi thelathini na mmoja wa uzamili na uzamivu walipita mikononi mwake. Kwake hakuna aliyetetea tasnifu bila karatasi yenye sahihi ya mwenye shamba, inayoeleza kila jiwe limefikaje pale. Wengine walinung'unika. Wote walizileta.

Tarehe 4 Oktoba 1997 alifunga ndoa na Berti Rompas, fundi wa chuo wa kukata mawe hadi yawe membamba kuliko karatasi, mwanga upite ndani yake. Berti aliharibu vipande vitatu vya marehemu mfululizo. Marehemu alijua fundi hodari namna ile hawezi kukosea mara tatu, akamwambia kwamba akitaka kumwona tena, aseme tu. Mungu aliwajalia binti mmoja, Gratia.

Agosti iliyopita alikutwa na saratani ya kongosho. Aliomba arudishwe Tomohon. Wiki za mwisho akili yake ilikuwa mara huku kwetu, mara kule Mirihi. Alimwomba Berti afunge dirisha, vumbi jekundu linaingia. Alisema anatembea, na kila hatua inambeba mbali, na jua la kule ni dogo, halichomi. Tulimwuliza kama anaogopa. Alisema hapana, mahali pamenyamaza tu. Alifariki Jumatano tarehe 12 Februari, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Gratia.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizoshika. Nayasema mimi.

Jana mchana wanafunzi wake walifika msibani kutoka Bandung. Wakapanga mstari, mmoja mmoja, wakanipa mkono. Ratih, ambaye sasa anashika kiti chake chuoni, akaniambia, "Mjomba Welly, asante. Kila mwaka Profesa alitusimulia habari ya lile jiwe. Alisema alitaka kunyamaza, ila kaka yake akamwambia, nenda ukaseme."

Nilipokea mikono yote ile. Jamani, nimeipokea yote, nikaitikia kwa kichwa.

Sikumwambia hivyo. Siku ile ya Pasaka, Baba alipotoka jikoni, nilimshika dada yangu bega nikamwambia, "Nyamaza, Meis. Babu amekufa, ng'ombe wamekufa, nani atakwenda kuwauliza? Usiitupe Japani kwa ajili ya jiwe." Akaosha kikombe chake, akakifuta, akaenda kulala. Hatukulizungumza tena hadi anakufa.

Mtu aliyesahihisha kila kipimo maishani mwake, hiki kimoja alikiacha kimekaa vibaya kwa miaka thelathini, ili watu wasiomjua kaka yake wamheshimu. Nimeona aibu, na nimempenda zaidi. Kwa kuwa yeye hawezi tena kukisahihisha, nimekisahihisha mimi, mbele yenu na mbele yake.

Marehemu ameacha mume, Berti, binti, Gratia, mjukuu, Abigael, wanafunzi thelathini na mmoja, na kaka mmoja, Welly, ambaye hakumwambia akaseme. Alikwenda mwenyewe.

Mungu ampumzishe kwa amani.