Namba Moja kwa Barua Zote

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mama aliyefariki Jumanne iliyopita, katibu muhtasi mstaafu, ambaye vijana walimwita Mama Nyoosha Mgongo. Jina alijitakia mwenyewe. Ukiingia sebuleni kwake na cheti chako cha chuo, kabla hujasalimia: "Nyoosha mgongo! Nani atamwajiri mtu aliyejikunja hivyo?"

Miaka tisa, bila malipo, aliwasaidia wahitimu kupata kazi ya kwanza. Narudia, kazi ya kwanza, ile ngumu kuliko zote, maana kila ofisi inataka uzoefu na hakuna inayotaka kukupa. Aliwaketisha mbele ya meza ya kupigia pasi, akawahoji mpaka wakatokwa jasho. Na kwenye barua zao zote za maombi aliweka namba moja tu ya simu. Yake.

"Zenu leo zipo, kesho hazipatikani," alikuwa akisema. "Yangu haizimwi."

Bintiye, fundi cherehani, hakuipenda namba hiyo hata chembe. "Mama alikuwa na mtoto mmoja wa kumzaa," anasema, "na mia moja wa kwenye simu."

Sasa sikilizeni Jumanne hiyo. Mama amelazwa, moyo unamsumbua. Upasuaji ni saa sita mchana. Binti amemshika mkono. Saa mbili na nusu asubuhi, simu inaita. Kiwanda cha dawa: usaili wa msichana mmoja, mhitimu wa maabara, si kesho tena. Ni leo, saa nne kamili. Asipofika, nafasi anapewa mwingine. Na msichana mwenyewe, wapendwa, hana simu. Ametafuta kazi miaka miwili, na hana habari kwamba imekuja.

"Nenda kamwambie," mama akasema.

"Nikuache peke yako? Mama, siendi!"

"Mimi nina madaktari. Namba niliyoweka ni yangu, mwanangu. Akikosa, nimemponza mimi." Akamkabidhi simu. "Mkichelewa, wapigie uwaombe."

Binti akatoka mbio na hasira zake. Pikipiki, foleni, vichochoro. Anabisha hodi kwa msichana, kumbe hayupo! Akamkuta uani kwa jirani, anafua nguo za watu, povu mpaka viwikoni, kandambili miguuni. "Acha hizo, twende!" Njiani binti akavua viatu vyake, akampa. Getini kiwandani walifika saa nne kasoro dakika tatu. Jamani!

Binti akageuza kwa daladala, peku, njia yote foleni. Hospitali alifika saa sita na robo. Kitanda kitupu. Mama hakutoka hai chumba cha upasuaji.

Muuguzi anasema, mpaka mlangoni mama aliuliza neno hilohilo: "Amefika?" Hakuwepo wa kumjibu.

Ijumaa, nyumba imejaa waombolezaji, simu ikaita. Msichana amepata kazi. Anaanza Jumatatu. "Niliingia chumbani kwa mama," binti anasema, "nikafunga mlango, nikamjibu kwa sauti. Amefika, mama. Kisha nikalia, maana bado nilikuwa nimemkasirikia."

Pole sana, dada yetu. Poleni ndugu na majirani, Mungu amrehemu mama yetu.

Simu hiyo binti hajaizima. Jana imeita mara tatu. Yeye ni wa kushona, usaili haujui. Nanyi mlioajiriwa kwa namba ile, mko maofisini humo, redio zimewashwa, mnanisikia. Nani atakwenda kuipokea?