Mama Danieli, Aliyewachagulia Watoto Vitabu vya Imani

Baba Padre, wazee wa kanisa, walimu, wafiwa wenzetu na majirani wa dini zote mliofika hapa Newala kutoka Masasi, Kitangari, Makote na Chilangala, familia imenipa mimi, Reginald, mdogo wa mwisho wa marehemu, kazi ya kuwasomea habari za maisha yake, nami nawaomba mketi vizuri, maana yeye mwenyewe hakupenda habari za mtu zisomwe mbiombio.

Dada yetu Ethel, ambaye wengi wenu mnamjua kama Mama Danieli, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1907 katika kijiji cha Chiungutwa, Masasi, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Bartholomayo Nampanda, mwalimu wa dini, na marehemu Mama Mabel. Vita ya Wazungu ilipofika huku kwetu shule zilifungwa, kwa hiyo aliingia darasani mwaka 1919, akiwa msichana mkubwa tayari, katika shule ya wasichana ya misheni pale Masasi, na mama yetu alikuwa akitusimulia kwamba kila alichofundishwa mchana kwa Kiswahili alikirudia jioni jikoni kwa Kimakua, ili wadogo zake nao wapate chochote. Alipokea kipaimara mwaka 1921, akamaliza mafunzo ya ualimu mwezi Novemba 1925, na Januari iliyofuata akapangiwa Newala, akapanda huku juu kwa miguu akiwa na baba, akakuta watu wakarimu, upepo mzuri na maji ya mbali, na mambo yote matatu aliyazoea.

Tarehe 18 Septemba 1928 alifunga ndoa na Mwalimu Isaka Mnunduma, aliyepo hapa mbele yetu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Danieli aliyezaliwa mwaka 1930, Julia wa mwaka 1933, na Agnes wa mwaka 1936, ambaye alifariki kwa surua mwezi Oktoba 1940. Shemeji Isaka ameniomba niwaambie kwamba baada ya mazishi yale mama mmoja mwenye nia njema alimwambia marehemu apekue moyo wake atafute kosa alilomkosea Mungu, naye akapekua miezi mingi asilione, akakonda, mpaka siku moja akiwa shambani akipalilia muhogo huku akilia, akasimama, akamwambia mumewe kwamba amechoka kutafuta, naye anaamini hakuna kosa ambalo Mungu alikuwa amemficha. Tangu hapo alikula vizuri.

Mwaka 1947 walihamishiwa Kitangari, na hapo ndipo palipotokea jambo ambalo familia imeona lisomwe leo kwa urefu, kwa kuwa ndilo lililomwingiza katika kazi ya kuchagua vitabu.

Miaka ile vitabu vya kuwafundisha watoto dini vilikuwa haba, na sanduku la zawadi likifika kutoka mbali kila kilichomo kilipokewa kwa shangwe na kwenda moja kwa moja darasani. Kimoja kilikuwa na jalada jekundu na picha nzuri kuliko vyote, watoto walikipigania, na habari yake ilikuwa ya mtoto mkaidi aliyemdanganya mama yake, Mungu akakasirika, mdogo wake akaugua na kufa, ndipo yule mkaidi akatubu na kuwa mtoto mwema. Mwalimu wa darasa la chini alikisoma kwa moyo safi, na watoto walikariri sura nzima.

Kiangazi cha mwaka 1952 surua iliingia Kitangari, ikamchukua Bonifasi, mtoto mdogo wa jirani yao, na dada yake Lois, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, mtoto mchangamfu wa kuimba njia nzima, akanyamaza siku ile ile ya mazishi. Hakusema, hakucheza, chakula alikigusa na kukiacha, shuleni hakuja tena. Upande wa baba walisema amerogwa, wakaanza kupanga safari ya kwa mganga, na Mama Lois, akiwa amemzika mtoto mmoja na kumwona wa pili anakwisha mbele ya macho yake, akaja kwa marehemu, akakaa chini bila hata kumaliza salamu, akasema tu kwamba huyu naye anaondoka.

Marehemu alikwenda. Hakumhoji mtoto, alichukua kisu akaanza kumenya muhogo karibu naye, siku ya kwanza ikapita kimya, siku ya pili vivyo hivyo, na jioni yake, akiwa anafunga kanga aondoke, Lois akamshika mkono, akamweleza kwa Kimakonde, kwa sauti ya kunong'ona, kwamba wiki moja kabla ya Bonifasi kuugua alitumwa maji bondeni, akacheza njiani, akachelewa, na mama alipomuuliza akasema kisimani palikuwa na watu wengi.

"Mwalimu, nilimdanganya mama," alisema. "Mungu alinikasirikia mimi. Mbona akamchukua Bonifasi?"

Marehemu aliniambia mwenyewe kwamba aliposikia maneno yale aliitambua sura ya kitabu neno kwa neno, na pia aliitambua ile miezi yake mwenyewe ya mwaka 1940. Alimpakata yule mtoto mkubwa kama anavyopakatwa mtoto mchanga.

"Sikiliza, mwanangu," alimwambia. "Bonifasi aliuawa na surua. Mimi nami nilimzika Agnes wangu kwa surua hiyo hiyo, na hakuna mtoto aliyekuwa amedanganya. Yesu alipofika penye msiba alilia pamoja na wafiwa, hakuuliza nani mwenye kosa."

Lois aliuliza kama kweli Yesu alilia, akaambiwa ndiyo, imeandikwa, naye akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akalia mpaka mama yake akatoka jikoni mbio, na alipokwisha kulia aliomba uji. Mama Lois ndiye huyu aliyeketi pale na dada zangu, naye huwa anasema kwamba hajawahi kupika uji kwa furaha kama ile.

Mwezi Januari 1953 marehemu alisafiri hadi Masasi akiwa na kile kitabu, akakiweka mbele ya kamati ya mafundisho ya watoto, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Padre Ambrosi Makota. Baadhi ya wajumbe hawakupendezwa, walisema kitabu kimetolewa na Wakristo wenzetu kwa upendo, na kwamba mtoto asiyemwogopa Mungu hawezi kulelewa, mmoja akauliza kama mwalimu huyu bado anafaa kufundisha dini. Usiku wote wa safari yake Shemeji alikuwa ameomba asipoteze kazi. Padre Ambrosi hakukubali wala hakukataa, alisema atakuja Kitangari asikie kwa masikio yake, na mwezi uliofuata alikuja, akaketi nyuma ya darasa, marehemu akawaomba watoto wasisome kitabu bali wamsimulie Padre walichokielewa. Wakasimulia mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja, kwa maneno yake, alifikia pale pale, kwamba ukimkosea Mungu anamwua mdogo wako.

Padre alivua miwani.

"Mama Danieli," alisema, "mwaka jana nilizika watoto wengi, na sikupata kuwaambia wazazi wao neno kama lile ulilomwambia Lois. Kisirudi darasani. Na vingine vyote vikija, vipitie kwako kwanza."

Shemeji anasema siku ile marehemu alirudi nyumbani akalala mchana, jambo asilolifanya kamwe.

Basi kuanzia mwaka 1953 hadi 1958 vitabu vya watoto wa Masasi na Newala vilipita mikononi mwake, na njia yake ilikuwa hiyo hiyo, alivisoma mwenyewe hadi mwisho, kisha akawasomea watoto wachache barazani, kisha akafunga kitabu na kuwaacha wasimulie, na kile walichosimulia ndicho alichokihesabu kuwa mafundisho ya kitabu, hata kama mwandishi alikusudia lingine. Alipenda vyenye Kiswahili chepesi, kwa sababu watoto wetu huongea Kimakonde, Kimakua na Kiyao nyumbani, na sala fupi ambazo mtoto anaweza kuzisema akiwa na ndoo kichwani. Palipoandikwa kuwa moyo utakuwa mweupe kama theluji aliwaambia ni kama unga wa muhogo uliochekechwa vizuri, na watoto wakaridhika. Kimoja kilichowacheka majirani zetu Waislamu kwa sala zao alikirudisha kilikotoka bila maelezo marefu, na nasema hili mbele ya Mzee Salumu na vijana wake, ambao tangu asubuhi wameshika majembe kaburini. Makosa pia aliyafanya, alikataa kitabu kimoja cha nyimbo ambacho baadaye kila mtu alikipenda, akacheka, akakiagiza.

Lois alipokea kipaimara mwaka 1956, na leo, akiwa na miaka kumi na saba, anasaidia kufundisha darasa la kwanza huko Makote.

Mwezi Agosti 1958 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, akalazwa hospitali ya misheni hapa Newala, kisha Masasi, na mwaka jana wote alilala akiwa ameketi, kwa kuwa akilala chali pumzi ilimkatika. Hatutaki kuwaficha, ndugu zetu, kwamba tuliogopa mwisho wake utakuwa mgumu. Haikuwa hivyo. Jumatano tarehe 9 Machi 1960 asubuhi aliamka bila kukohoa, akanywa chai, akamkosoa Julia kwa kuunguza maandazi, akaomba alazwe chali, akalazwa na akapumua vizuri, na saa tisa alasiri, Shemeji akiwa amemshika mkono, akaacha kupumua kwa utulivu kiasi kwamba Shemeji aliendelea kumsimulia habari za mikorosho kwa muda kabla ya kugundua. Tunalia, lakini tumeshusha pumzi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, walimu wenzake, kamati ya Masasi, majirani wa Newala na Kitangari mliochota maji ya msiba huu kutoka mbali, na wote tusioweza kuwataja.

Dada Ethel, sasa unalala chali bila taabu. Lala kwa amani, na Bwana, ambaye uliwafundisha watoto wetu wasimkimbie, akupokee.