Mzee Tone na Lita Moja na Nusu ya Mwisho

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusafirisha damu kwa pikipiki, dereva wetu, ambaye sote tunamwita Mzee Tone, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Benki yetu ya damu imebadilisha wakurugenzi saba, majokofu manne na pikipiki tatu. Yeye yupo palepale, daftari mfukoni.

Daftari hilo ndilo lililompa jina. Kila tone la petroli lilikuwa na maelezo yake: limekwenda wapi, kwa upepo gani, tairi zikiwa zimejaa kiasi gani. Wengine tulipata kilomita thelathini na tano kwa lita. Yeye alipata arobaini na tano na bado alinung'unika. Walipokwenda ukweni, mkewe alipanda basi pamoja na mizigo yote ili pikipiki isielemewe. Mama huyo anakisimulia kisa hicho mpaka leo, na hacheki sana.

Sharti lake lilikuwa moja: lita moja na nusu ya mwisho haiguswi ila kwa dharura. Pikipiki yetu haina mshale wa mafuta, ina koki tu ya kufungulia mafuta chini ya tenki. Injini ikikata, unageuza koki upande wa akiba, yaani ile lita moja na nusu, na kutafuta kituo. Ukishajaza, unairudisha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi mnalijua nusu. Miaka kumi na minne iliyopita, Mzee Tone aliitwa haraka kupeleka mifuko miwili ya damu kwa mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Daftari lilimwambia mafuta yanatosha. Njiani injini ikakata. Akapeleka mkono kwenye koki, akakuta tayari iko kwenye akiba, na akiba yenyewe imekwisha. Aliilaza pikipiki ubavu ili mabaki ya upande wa pili wa tenki yahamie upande wa koki, akapata kilomita mbili. Kilima akasukuma, jasho linamtoka. Mteremko akashuka injini imezima mpaka lango la hospitali. Alichelewa dakika arobaini. Mama yule alinusurika, tena chupuchupu, na Mzee Tone akapewa barua ya onyo kwa uzembe. Aliisaini, akarudi kazini.

Koki ile niliiacha mimi. Jana yake nilikuwa nimeazima pikipiki kupeleka barua za ofisi. Ikakata, nikageuza akiba, nikarudi nayo bila kujaza mafuta wala kumwambia mtu. Nilikuwa na wiki tatu tu kazini, nikaogopa kufukuzwa. Wenye ufunguo tulikuwa wawili, kwa hiyo alijua. Hakunisema kwa yeyote. Kesho yake aliniita uani, akanionyesha jinsi ya kurudisha koki, mara tatu, taratibu, kisha tukaenda kunywa chai. Aibu ya chai ile ninayo hadi leo.

Namwomba mkurugenzi aitoe barua ile kwenye faili lake, na ukurasa huu uwekwe kwenye langu.

Mzee wetu, asante kwa kila mfuko uliofika. Uwe na siku njema nyingi, wewe na mama, na safari hii apande nyuma yako. Pikipiki tumekuachia iwe yako. Tenki limejaa, na koki nimeiangalia mwenyewe, mara mbili.