Mama King'ora, Mwalimu Aliyetaka Watoto Wote Watoke

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa tatu wa baba seremala na mama mshonaji. Tangu utotoni alikuwa na mdomo. Baba alisema huyu hanyamazi hata akilala.

Alimaliza sekondari mwaka 1979, akahitimu chuo cha ualimu 1982, akafundisha shule za msingi za serikali. Nidhamu yake ilijulikana: "Kengele ikilia, kila mtu kitini, kimya!"

Mwaka 1986 aliolewa na shemeji yetu, fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa za ofisi ya walimu, ikawa kila wiki taa zinaharibika.

Tarehe 12 Juni 1998 stoo ya shule ilishika moto. Ikapigwa kengele, ile ile ya vipindi. Darasa lake likafanya kama lilivyofundishwa: wakakaa, wakanyamaza, wakamsubiri mwalimu. Jamani! Alipofika, moshi ulikuwa umetanda. Aliwatoa kwa mikono yake, lakini binti mmoja hakutoka hai. Dada hakujisamehe.

Tangu hapo alitaka kila shule iwe na king'ora cha hatari, kisichofanana kabisa na kengele, na watoto wafanye mazoezi ya kutoka kila muhula. Alizunguka ofisi za wakubwa mpaka wakamchoka, wakambandika jina la Mama King'ora. "Niiteni mtakavyo, mradi mkifunge!" Shemeji alifunga, yeye akafundisha. Hata nyumbani tulifanyishwa mazoezi.

"Mke wangu, nimalize chai kwanza."

"Moto unasubiri chai? Toka!"

Agosti 2023 aligundulika na saratani ya ini. Akiwa wodini, alikuja mama wa yule binti. Hawakuwahi kuzungumza tangu msiba ule. Akamshika mkono.

"Mwalimu, jana shuleni kwa mjukuu wangu kuliwaka moto. King'ora kikalia, wakatoka."

"Wote?"

"Wote."

"Mmewahesabu?"

"Tumewahesabu, dada yangu. Wote."

Alilia sana, nasi tukalia. Alifariki tarehe 9 Oktoba, mume wake akiwa kando yake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na sisi wadogo zake wawili. Mama wa yule binti ameomba aandikwe hapa kama ndugu, nasi tumemwandika.

Dada yetu apumzike kwa amani, asihesabu tena.