Chale Chini ya Poda

Katika treni ya Mpanda, Romana alitega sikio. Mwenye hoteli alikuwa akimwambia bibi mmoja waliyekutana humo humo: "Mhudumu mwenye chale shavuni simtaki. Wateja watakula wali au watamtazama yeye?"

"Hizo si urembo, baba. Mtoto huchanjwa ndugu zake wakiisha kufa, ili kifo kisimtambue. Ukizifunika, kitamwita kwa jina."

"Kwani kifo nacho hula hotelini kwangu, bibi?"

"Kila mtu hula."

Romana, aliyekwisha kuzika watoto watatu, alimtazama Eufrazia, binti yake, aliyekuwa akienda kuomba kazi hiyo hiyo. Asubuhi hiyo alikuwa amempaka poda mwenyewe, chale zake za shavuni zikapotea.

Treni iliposimama, sauti wasiyoijua iliita dirishani: "Eufrazia!"

Romana alitemea mate pindo la khanga, akaanza kumsugua shavu.