Rangi Niliyomkatalia Hosiana

Boaz, nisogezee mto. Martina, mkeo, naye aketi. Mjukuu wangu Mbuke mwacheni acheze nje, mtamwambia akikua. Msinikatize wanangu, pumzi niliyonayo haitoshi kurudia.

Saluni ya Kalangalala ni ya Mbuke, mtunzieni. Shamba la Ushetu ni lenu, msiliuze. Sasa sikilizeni jinsi dada yako Hosiana alivyokufa, Boaz, maana miaka sita nimewaambia ni uzazi tu.

Hosiana alizaliwa mweusi wa kung'aa, kama baba yenu. Mimi nilikuwa najichubua, na wateja wakawa wananiuliza, "Huyu kweli wako?" Nikaona aibu. Alipokua nikaanza kumpaka krimu niliyokuwa nauza, asubuhi na jioni, alie asilie, nikimwambia mwanamume mwenye maisha yake hatazami mkaa.

Ndipo akaja saluni Yating, yule binti wa Kichina, mkalimani wa Wachina wenzake wachimbaji. Alitaka nimkate nywele zote zilizomfika kiunoni. "Dada, utafanana na mwanamume," nikamwambia. Akacheka. Akamsimulia Hosiana kwamba kwao mjini mama yake alimlipia daktari ampasue kope akiwa na miaka kumi na minane, macho yaonekane makubwa, akamzoesha kula kidogo na kutembea na mwavuli jua lisimguse.

"Siku hizi kwetu wasichana wengi wamechoka," alisema. "Mdogo wangu amenyoa kichwa, ananyanyua vyuma, anasema uso ni wake. Wengine bado wanapasuliwa. Mimi macho yangu ya kwanza siyapati tena."

Siku ile ile Hosiana akanirudishia kopo la krimu. "Mama, mimi basi."

Nilimpiga kofi, kisha nikampaka. Hata alipokuwa mjamzito niliendelea kumpaka, ili mumewe asimchoke.

Alipomzaa Mbuke kwa kupasuliwa, ngozi haikushika nyuzi. Daktari akanifunulia kidonda, akasema ngozi imelika kwa krimu, imekuwa kama karatasi iliyolowa. Siku kumi na moja nilimpepea. Ya mwisho akaniuliza, "Mtoto ana rangi gani?"

"Yako," nikasema.

"Basi usimguse."

Mwanangu alikufa akiniogopa, Boaz. Figo zangu hizi nazo zimeharibiwa na krimu hizo hizo, wala silalamiki.

Makopo yaliyobaki stoo yafukieni mbali na kisima. Mtu yeyote asimwambie Mbuke kwamba angekuwa mzuri kama... hata kwa utani. Martina, nakuomba, hata kwa utani. Nizikeni kando ya Hosiana, kama mnaona ninastahili. Msinipake poda.

Nipe maji... inatosha.

Mungu awape watoto, awape mvua, awape mioyo laini kuliko wangu. Mwiteni Mbuke sasa. Aje hivyo hivyo alivyo, na vumbi lake la kucheza, msimnawishe... Ng'wanawane... mwanangu... sogea... mzuri wewe... mzuri...